Kuhusu mtoto wa Tusa, naomba unijibu

Ugonile shoga yangu! Najua kimya kimezidi, utanisema tukionana, huku wote wazima ila Uyole baridi imeshaanza. Sasa sikia, nakuandikia kwa ajili ya mtoto wa Tusa.

Yule mtoto anatoka malengelenge tangu azaliwe, ukimshika kwapani kumnyanyua tu ngozi inachubuka. Juzi anavuliwa sweta la kufuma, shingo ya sweta ikaondoka na ngozi, na mama mkwe anamwambia Tusa mbele za watu eti amemuunguza na maji ya moto. Inaniuma sana, yule dada hana kosa lolote.

Nimesoma mpaka usiku wa manane. Kuna magonjwa ya kuzaliwa nayo ya hivyo na wameyachunguza sana kwa panya. Wanachukua kipande cha ngozi, wanakigandisha, wanakikata chembamba mno, wanakiwekea kingamwili (chembe zinazonasa protini inayotafutwa) zenye rangi inayong'aa halafu wanaangalia kwenye darubini protini imekaa wapi. Kwa panya mzima ile protini inayoitwa kolajeni namba 7 inaonekana mstari mwembamba pale ngozi ya juu inapokutana na ya chini, ndo inayozishikiza kama uzi unavyoshika bitana ya koti. Kwa mgonjwa mstari umefifia au haupo kabisa. Na mwaka 2009 huko Marekani waliwachukua panya wasio na kolajeni hiyo, wakawadunga ile ya binadamu, ikaenda kukaa palepale mpakani na nyuzi zikajengeka! Hapo machozi yalinitoka shoga.

Ila aina ziko nyingi. Kama kasoro ni ya keratini, protini inayozipa nguvu seli za ngozi ya juu, ngozi inaachia juu zaidi, ndani ya seli zenyewe, na nyingi za hizo ni nafuu kidogo kuliko za kolajeni. Ndo maana nakazania kipimo, maana kwa macho tu huwezi kujua ni ipi, na huku anapewa dawa ya kupaka tu na plasta, plasta yenyewe ikibanduliwa inaondoka na ngozi jamani.

Wewe uko Moshi, kile kituo cha ngozi cha hospitali ya KCMC wanampokea bila barua ya rufaa? Wanakata kipande cha ngozi kwa mtoto mdogo hivyo? Bima ya Tusa itafanya kazi? Na safari ya basi yote hiyo tumbebeje asichubuke? Wakija watafikia kwako? Nijibu hata usiku, Tusa anasubiri.