Damu nayo ifichwe machoni pa watoto

Mhariri,

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kusambaza picha za ngono, nami naiunga mkono kwa dhati, maana picha hizo zinawaharibu vijana wetu. Kinachoniuma ni kwamba kuhusu damu tumenyamaza.

Pita jioni kwenye vibanda umiza, vile vya kuonyeshea filamu, huku kwetu Temeke. Watoto wamebanana kwenye mabenchi, wengine bado na sare za shule. Likitokea busu, mwenye kibanda anapeleka filamu mbele haraka. Mtu akichinjwa, anairudisha nyuma waone tena, na watu wazima wanashangilia. Kwangu hili ni baya kuliko ngono. Ngono mtoto huitazama kwa kujificha, akijua amekosea. Mauaji anayatazama hadharani, na wakubwa wake wakipiga makofi.

Kwenye masumbwi hata hakuna kuigiza. Mwaka 1982, huko Las Vegas, bondia wa Korea Kusini Duk Koo Kim alipigwa na Ray Mancini hadi pambano likasimamishwa raundi ya 14. Siku chache baadaye alifariki. Ndipo WBC, Baraza la Masumbwi la Dunia, ikapunguza mapambano ya ubingwa kutoka raundi 15 hadi 12.

Sidai masumbwi yafutwe. Naomba halmashauri ziweke umri wa kuingia vibandani na kuusimamia kwa ukaguzi wa kweli, na televisheni zirushe mapambano usiku, watoto wakiwa wamelala.

Mzazi,
Temeke, Dar es Salaam