Barua ya wazi kwa Makamu Mkuu wa Chuo: tengeneza kona ya kwanza ya uwanja wetu

Profesa, shikamoo.

Naandika hadharani kwa sababu barua tulizopeleka ofisini kwako, nakala zake zikagongwa muhuri wa kupokelewa, hazijajibiwa hata moja. Mimi ni mwanafunzi wako wa mwaka wa mwisho, mkimbiaji wa mita 400 na wa kupokezana vijiti. Jumamosi iliyopita nilikuwa mmoja wa waliombeba mwenzetu kumtoa uwanjani, naye ameuma kola ya fulana yake ili asipige kelele.

Nieleze ilivyokuwa, maana yawezekana umeambiwa ni ajali ya kawaida ya michezo. Timu ya soka ilikuwa mazoezini ndani, sisi tukiwa nje kwenye tartani, ile sakafu ya mpira ya kukimbilia. Winga akaufukuza mpira hadi kwenye kibendera, akashindwa kujizuia, akajikuta njia ya kwanza na njumu zake. Mwenzetu alikuwa anaikata kona kwa kasi. Akamkwepa vizuri kabisa, ila mguu ukatua pale palipobanduka, mahali ambapo kila anayeutumia uwanja ule anapajua. Spaiki, ile miiba ya viatu vya mbio, zikanasa chini ya ukingo ulioinuka, mguu ukabaki nyuma, mwili ukaenda mbele. Kifundo kilivimba tukikitazama.

Wapo wanaomlaumu winga. Mimi simlaumu. Uwanja wa soka wa mita 105 kwa 68 ukiwekwa ndani ya mzunguko wa kawaida wa mita 400, wenye kona za nusu kipenyo cha mita 36.5, unaingia kwa kubana. Penye vibendera vyote vinne hubaki takriban mita 1 tu kufika ukingo wa njia ya ndani. Hakuna mchezaji anayekimbia kwa nguvu zake zote akasimama ndani ya mita moja. Soka na riadha zinaweza kuishi pamoja katika uwanja mmoja, lakini zinahitaji ratiba inayoheshimiwa na sakafu nzima isiyo na mitego. Sisi hatuna ratiba, wala sakafu.

Na tartani ile haikubanduka yenyewe, Profesa. Ni zulia la mpira lenye unene wa milimita 13 hivi, limegandishwa juu ya lami, na limetengenezwa kumbeba binadamu. Kwenye mahafali yaliyopita malori ya mahema, viti na jenereta yalipita juu yake kwa sababu geti kubwa limeelekea pale pale, kona ya kwanza. Hakuna aliyetandika hata ubao. Kesho yake tulikuta michirizi ya matairi imekata njia tatu za ndani. Mtaro wa pembeni nao umeziba siku nyingi, mvua ikinyesha maji yanatuama. Mimi si mhandisi, lakini nadhani maji yalipenya kwenye zile nyufa, gundi ikaachia. Ukipakandamiza kwa kidole gumba hata leo, maji yanatoka pembeni. Waliletwa mafundi, wakapaka gundi, wakaweka matofali juu yake, wakaondoka. Mvua ya kwanza iliyofuata ikapainua tena, safari hii pakubwa zaidi.

Wewe mwenyewe ulituahidi. Siku ya kutupokea mwaka wa kwanza ulisimama jukwaa kuu ukatuambia ukarabati wa uwanja utaanza muhula utakaofuata. Tulishangilia, mimi nikiwa mmojawapo, na nilimpigia mama simu jioni hiyo kumweleza. Ulipofungua michezo ya vitivo mwaka jana ukalirudia neno hilo hilo. Ada ya michezo tunailipa kila mwaka, na asiyeilipa hafanyi mtihani.

Uwanja wa chuo si kitu kidogo. Mwaka 1978, tarehe 8 Aprili, Henry Rono, Mkenya aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington, alivunja rekodi ya dunia ya mita 5,000 kwa dakika 13 na sekunde 8.4. Alifanya hivyo Edwards Stadium, uwanja wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, ambao nao umekuwa ukitumika kwa riadha na kwa soka. Mwezi uliofuata, huko Seattle, akavunja ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Alikuwa mwanafunzi mwenye vipindi na mitihani kama sisi. Sisemi miongoni mwetu kuna Rono. Nasema kama yupo, hatutamjua, kwa sababu hakuna muda wa kuaminika unaopimwa kwenye uwanja ule.

Tukifika kona ya kwanza tunahamia njia ya tano. Anayekimbia mzunguko mzima njia ya tano kutoka mstari wa kumalizia wa kawaida anaongeza takriban mita 30, na anayeingia na kutoka anaongeza kiasi ambacho kocha hawezi kukipima. Nimekaa muhula mzima sijui kama naendelea au narudi nyuma. Siku nyingine tunaacha uwanja, tunakimbia barabarani alfajiri, magari yakitupita karibu, na lami imenipa maumivu ya ugoko ambayo hayajapona. Warushaji hali yao ni mbaya zaidi. Nyundo na mkuki vimezuiwa kwa kuwa vinatoboa nyasi za soka, na hawakupewa mahali pengine.

Tunasikia kuna fedha za nyasi bandia na viti vipya vya jukwaani. Kama ni kweli, wenzetu wa soka wanastahili, ingawa naomba mwenye kufanya uamuzi akumbuke kwamba mkuki hauchomeki kwenye nyasi bandia. Lakini kabla ya viti, kabla ya rangi, kabla ya nyasi za aina yoyote, tengeneza kona ya kwanza. Kipande kilichooza kikatwe, msingi ukaushwe, mtaro uzibuliwe, tartani mpya imwagwe na watu wanaoijua kazi hiyo. Malori ya mahafali yapitie geti la nyuma. Ratiba ibandikwe, ili saa za soka na saa za mbio za kasi zisigongane.

Na kama haya yote ni mengi kwa sasa, basi moja tu: kona ya kwanza. Mchujo wa mashindano ya vyuo umekaribia na tutalazimika kukimbia pale pale alipoangukia mwenzetu, kwa sababu hatuna kwingine. Yeye daktari amemwambia msimu huu umekwisha. Mimi bado nina miguu yote miwili, na huu ni msimu wangu wa mwisho nikiwa mwanafunzi wako.

Njoo uone mwenyewe, Profesa. Mazoezi yanaanza saa kumi jioni, na huna haja ya kuelekezwa, ni pale pale ukiingia geti kubwa. Tunaomba jibu la maandishi lenye tarehe ya kazi kuanza.

Kwa heshima,

Nahodha wa timu ya riadha, kwa niaba ya wanariadha wote wa chuo