Kumbukumbu za klabu zetu za ridhaa zikusanywe

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwasihi viongozi wa michezo wa Manispaa ya Tabora, pamoja na wazee waliowahi kuongoza timu za mchangani za Isevya, Kanyenye, Gongoni na Ng'ambo, waanze kukusanya kumbukumbu za klabu zilizokwisha kufa kabla wanaozikumbuka hawajatutoka.

Kilichonisukuma kuandika ni historia ya klabu moja ya ridhaa ya Melbourne, Australia, iliyoitwa University. Ilicheza mpira wa Kiaustralia, ule wa wachezaji 18 kila upande na mpira wenye umbo la yai, ambao mchezaji huruhusiwa kuudaka na kukimbia nao. Iliingia ligi kuu ya jimbo la Victoria mwaka 1908 pamoja na Richmond, na msimu wa 1914 ulipomalizika ikajitoa. Msimu wake bora ulikuwa wa 1910, iliposhinda mechi 10. Ligi iliporuhusu wachezaji walipwe mwaka 1911, University ilishikilia msimamo wake wa kutomlipa mtu, na kwa kuwa ilitegemea wasomi, ambao mitihani ikikaribia hukosa mazoezi na wakihitimu huondoka, haikuweza tena kushindana na klabu zilizokuwa na fedha. Ilipoteza mechi zake 51 za mwisho mfululizo.

Watu wa kule hawakuona aibu kuyaandika hayo yote, mechi kwa mechi. Ndiyo maana leo tunajua kwamba Roy Park, mwanafunzi wa udaktari, alifunga magoli 53 mwaka 1913 katika timu ambayo haikushinda hata mara moja msimu ule, na kwamba mwenzake Rupert Balfe aliuawa Gallipoli, Uturuki, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, tarehe 25 Aprili 1915, siku ya kwanza ya mapigano ya nchi kavu huko. Binafsi naiona kazi hiyo kuwa ya heshima kubwa kuliko kombe lolote, kwa sababu anayeshinda hupata wa kumsimulia bila kuomba.

Hapa kwetu hali ni tofauti, na inaniuma. Kijana akiuliza kijiweni timu ya mtaa wake ilivunjika mwaka gani, atapewa majibu matatu na wazee watatu waliokaa benchi moja la kahawa. Ni kweli kwamba sheria iliyounda Baraza la Michezo la Taifa mwaka 1967 inazitaka klabu zisajiliwe, hivyo katiba na majina ya viongozi huenda bado yamo kwenye mafaili. Lakini faili la usajili halisemi nani alikuwa golikipa, wala kwa nini timu ilishindwa kusafiri. Mambo hayo yamo katika daftari la mweka hazina, lenye michango ya jezi na nauli ya lori la kwenda Urambo, na katika picha za timu ambazo majina ya wachezaji yaliandikwa nyuma kwa kalamu ya risasi. Mzee akifariki, daftari la namna hiyo huchomwa pamoja na makaratasi mengine, maana wanaosafisha chumba hawajui ni la nini.

Tabora ni mji wa shule tangu enzi za ukoloni, kwa hiyo hatukosi vijana wa kuifanya kazi hii. Napendekeza ofisi ya utamaduni na michezo ianze na timu zilizowahi kucheza ligi ya wilaya, iwatume wanafunzi wa sekondari wakati wa likizo wawahoji wachezaji wa zamani na kupiga picha madaftari yao bila kuyachukua, kisha nakala zikabidhiwe maktaba ya mkoa ili kila mwananchi aweze kuzisoma. Matokeo ya kufungwa yaandikwe pia, na sababu za timu kuvunjika zielezwe bila kumficha mtu, ziwe ni ugomvi wa uongozi, ukata au kuuzwa kwa kiwanja.

Msomaji wako,
Isevya, Tabora