Utawa wa Setouchi Jakucho haukuwa toba ya riwaya zake

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu mwandishi wa makala mliyoichapa hivi karibuni juu ya Setouchi Jakucho, mwandishi wa Kijapani aliyefariki dunia Novemba 2021 akiwa na umri wa miaka 99. Amemsifu kwa haki, lakini amemkata mapande mawili: kwanza Harumi (jina lake la kabla ya utawa), aliyemwacha mume na binti mdogo kwa ajili ya kijana mmoja, akaandika habari za chumbani, kisha Jakucho, bibi mwenye kipara na joho la kitawa, ambaye eti aliyatubia hayo yote mwaka 1973 aliponyolewa kuwa mtawa katika hekalu la Chuson-ji, la madhehebu ya Kibudha ya Tendai. Vitabu vyake vinasema mengine.

Hadithi yake iitwayo Kashin ilitoka mwaka 1957. Wahakiki wakambandika jina la "mwandishi wa mji wa mimba", wakilalamika kwamba neno hilo kalirudia mno, na majarida makubwa ya fasihi yakamfungia milango kwa takriban miaka mitano. Nashuku kama waliusoma vizuri mwisho wake. Pale mhusika mkuu anajiuliza iwapo siku atakapokufa na maiti yake kuchomwa moto, kama ilivyo desturi ya Wajapani, mji wake wa mimba hautasalia peke yake kando ya mifupa myeupe, ukifuka na kunuka, umekataa kuungua. Anayeandika ili auze ngono hana haja ya swali hilo. Ni swali la kidini, na la Kibudha hasa, kuhusu kinachobaki cha matamanio mwili unapokwisha. Naye aliliuliza miaka 16 kabla wembe haujamgusa kichwani.

Mwaka 1965 alitoa kitabu juu ya maisha ya Okamoto Kanoko (1889–1939), mshairi na mwandishi wa hadithi aliyeusoma Ubudha kwa bidii na kuuandikia, huku akiishi nyumba moja na mume wake pamoja na mpenzi wake, mume akiridhia. Setouchi hakumchagua mwanamke huyo kwa bahati.

Waandishi wanaume nao wameligusa jambo hili, ila kwa mkono mwingine. Katika riwaya ya mwisho ya Endo Shusaku, mwandishi wa Kijapani Mkatoliki, iliyotoka mwaka 1993, Mitsuko anamtongoza mwanafunzi mcha Mungu aitwaye Otsu ili amtenge na Mungu wake, kisha anamtupa. Baadaye huyo huyo Mitsuko anaingia Ganges, mto mtakatifu wa Wahindu, akiwa amevaa sari, akisali sala anayojiambia kuwa ni ya kuigiza tu. Ukurasa huo naupenda, ingawa bado naona matamanio ya Mitsuko yaliwekwa pale kwanza ili kuipima imani ya mwanamume.

Mtawa wetu hakuiacha kalamu. Kati ya 1996 na 1998 alichapisha, kwa Kijapani cha leo na katika majuzuu 10, Hadithi ya Genji, riwaya ya kale ya Kijapani ya bibi Murasaki Shikibu, ambamo wanawake kadhaa waliopenda na kupendwa huishia kunyoa. Wa mwisho ni Ukifune, aliyejaribu kujiua kwa sababu ya wanaume wawili, akaokolewa, akawa mtawa. Mmoja wa wanaume hao anapomtumia barua kwa mkono wa mdogo wake Ukifune, Ukifune hatoi jibu. Anasema tu kwamba huenda barua hiyo imekosea mtu.

Wako,
Mwalimu mstaafu wa fasihi,
Tanga