Kuhusu hela za klabu ya softboli

Mama Imani wangu, habari za huko Columbus,

Voisi yako nimeisikiliza naosha vyombo nikasema hili sio la kujibu kwa voisi, acha niandike. Unauliza hizo hela za klabu ya softboli (ule mchezo wa wasichana wa kupiga mpira kwa gongo, na klabu ni timu ya kulipia nje ya shule inayosafiri kwenye mashindano) zina faida kwa mtoto kupata chuo au watu wanakula tu. Zina faida, nakwambia kweli, ila sio umri wowote na sio timu yoyote, na kwa Imani wa miaka 12 mimi nisingelipa hata senti ya kwenda kulala hotelini Florida kwa ajili ya mashindano.

Iko hivi. Softboli ya hai skuli hapo Ohio inachezwa springi, na vyuo navyo vinacheza springi hiyohiyo, wale wakali wanaendelea mpaka Oklahoma City kwenye fainali zao, sasa kochi wa chuo atatoka saa ngapi kuja kumwangalia mtoto wa shule ya mtaani kwenu? Hana huo muda. Anatoka kiangazi na msimu wa fol (miezi ya baada ya kiangazi), na akitoka anaenda sehemu zenye timu nyingi kwa pamoja kama Colorado, au yale mashindano makubwa ya klabu za wasichana yanaitwa PGF kule Huntington Beach, California, na huko wanacheza klabu tupu. Ndo maana nasema klabu ina maana, kwa sababu macho yako huko.

Lakini angalia na sheria. Kochi wa Divisheni 1 (ngazi ya juu ya michezo ya vyuo, chini yake kuna ya 2 na ya 3) haruhusiwi kuongea na mtoto mambo ya kumchukua mpaka Septemba 1 akiwa greidi ya 11, yaani mwaka wa tatu wa hai skuli. Kumwangalia anaweza, kumjibu imeili hawezi. Kwahiyo anayekwambia vyuo vinamtaka Imani saa hizi huyo anakuuzia jezi. Kwa sasa mwacheni kwenye timu ya karibu, hizo hela mtafutieni mwalimu wa kupichi, yaani kumrushia mpira mpigaji, maana pitcha mzuri anatafutwa kila chuo na ule mkono wa kurusha kwa chini hausomwi kwa wiki moja. Akifika greidi ya 9 kwenda ya 10 hapo ndo mfungue pochi.

Na mkifungua msidanganywe na jina. Klabu moja huku Houston ina timu kibao za umri mmoja, wote wanavaa jezi ileile, wazazi wote wanalipa hela ndefu, halafu tonamenti ikifika timu ya kwanza inapewa kiwanja cha katikati, makochi wamejaa nyuma ya nyavu na viti vyao vya kukunja na radagani (kile kifaa cha kupima kasi ya mpira), sisi wa timu ya tatu tukatupwa kiwanja cha mwisho saa mbili asubuhi, hakuna hata kochi mmoja mwenye tisheti ya chuo. Nililia kwa hasira. Ulizeni Imani atakuwa timu ipi, na wasichana wa TIMU HIYO waliomaliza wako vyuo gani leo.

Skolashipu nayo watu wanaiota vibaya. Divisheni 1 kwa miaka mingi zilikuwa skolashipu 12 kwa timu nzima, zinagawanywa vipande. Mwaka 2025 vyuo vilivyoingia kwenye yale makubaliano mapya ya mahakama viliondolewa hiyo 12 vikawekewa wachezaji wasiozidi 25, ila ruhusa ya kutoa sio hela ya kutoa. Divisheni 2 ni 7.2, hapo gawanya mwenyewe. Divisheni 3 haitoi kitu kwa ajili ya mchezo, lakini hapo jirani mna Denison na Kenyon, wote Divisheni 3, wanasaidia ada kwa kuangalia masomo na hali ya familia, na kochi akimpenda mtoto anaweza kumwombea huko kwenye udahili. Kwahiyo gredi za Imani zinaweza kuleta hela kuliko gongo lake la kupigia mpira, mimi naliamini hilo kabisa.

Na imeili kwa makochi aandike yeye mwenyewe sio wewe, aweke mwaka wa kumaliza, namba ya jezi, kiwanja na saa ya mechi, na video fupi. Wanajua sana barua ya mama.

Ile timu wanayotaka depoziti usilipe kwanza, nitumie kalenda yao ya kiangazi nione wanakwenda wapi, halafu tuongee Jumapili baada ya kanisa. Baba Imani msalimie sana.

Mama Neema