Fundi mwongo huenda ni mimi, ila mleteni mtoto nimpime

Ndugu Mhariri,

Kuna mama mmoja aliandika katika ukurasa huu kwamba mafundi cherehani wa Dar es Salaam ni waongo. Anasema Krismasi iliyopita binti yake alikwenda kanisani na gauni la mwaka juzi, limembana kwapani, kwa sababu fundi alimzungusha kwa "njoo kesho" mpaka kesho zenyewe zikaisha. Jina la fundi hakulitaja. Nilimpa msichana anayejifunza kazi kwangu aisome ile barua, akamaliza, akanitazama. "Mama, si sisi hawa?" Nikamwambia sijui. Na kweli sijui. Kwa maelezo yale fundi huyo anaweza kuwa mimi, anaweza kuwa jirani yangu, anaweza kuwa yeyote kuanzia hapa Gongo la Mboto mpaka Buguruni.

Naomba nafasi nimjibu. Najisemea mwenyewe, wenzangu hawajanituma.

Uongo upo. Nikikwambia "njoo jioni" tarehe 23 Desemba, mara nyingi kitambaa chako bado kimo kwenye mfuko ule ule uliokuja nao, hakijaguswa hata na chaki. Nasema hivyo kwa sababu nikisema sitaweza, utavuka barabara kwa fundi mwingine ambaye naye hataweza, ila yeye atakubali. Tena kianzio chako nimeshakinunulia uzi na zipu, na kilichobaki kimeishia kwenye unga. Sijisifu kwa hilo. Nalieleza tu lilivyo.

Lakini mimi nina daftari. Desemba iliyopita niliandika nguo 96 za watoto peke yake, achilia mbali za wakubwa. Zilizoletwa hadi tarehe 15 zilikuwa 35. Nyingine 61 ziliingia kuanzia tarehe 16 hadi 24, na hiyo 24 si kwamba nimekosea kuandika: baba mmoja alinikuta nakunywa chai saa nne asubuhi, akaweka kitenge mezani, akasema "ni kitu kidogo tu, cha mtoto." Watu wanadhani nguo ikiwa ndogo na kazi ni ndogo. Mkono wa gauni la mtoto wa miaka mitatu hauingii hata kiganja changu. Kuuzungusha chini ya sindano ni kazi kuliko kushona suruali ya babu yake. Gauni la kawaida la mtoto linanichukua saa mbili nisiposumbuliwa, lenye bitana na marinda linafika tatu. Chukua hizo mbili tu. Nguo 61 ni saa 122, ndani ya siku tisa. Hizo ni zaidi ya saa 13 kila siku, hujapika, hujafua, hujamwogesha mtu.

Na wa kuogesha ninao watatu. Mkubwa ana miaka minane, wa kati mitano, kitindamimba miwili. Baba yao ni mlinzi, na sikukuu wenye mali wakisafiri, mlinzi ndiye hasafiri. Shule zikifungwa mwanzoni mwa Desemba wote wanahamia kibandani kwangu. Mdogo analala chini ya meza ya kukatia, juu ya mfuko wa mabaki ya vitambaa. Ameshazoea, cherehani ikinyamaza ndipo anaposhtuka. Wa kati nimempa cheo. Ana sumaku aliyoichomoa kwenye spika ya redio mbovu, ameifunga kamba, anaiburuza sakafuni kutwa nzima akikusanya pini, na kila pini kumi namlipa pipi moja. Kuna siku nilimkamata akizimwaga makusudi ili aziokote tena. Mkubwa ndiye anayepokea wateja nikiwa nimekwenda uani, na Mungu anisamehe, naye ameshajua kusema "mama amesema njoo jioni."

Sasa nisaidieni kitu kimoja kinachonishinda kuelewa. Majirani zangu Waislamu nawashonea Idd. Wao sikukuu yao inasubiri mwezi uandame, hawana hakika kama ni kesho au keshokutwa, na kwa sababu hiyo hiyo hawathubutu kuchelewa. Ramadhani ikiwa kumi la kwanza, kanzu na magauni ya watoto yameshaanza kuingia. Kumi la mwisho ni vifungo na kupiga pasi. Sisi wenye Krismasi, tarehe 25 Desemba ipo kwenye kalenda iliyotundikwa ukutani tangu Januari, na bado inatukuta kama mvua ya ghafla.

Najua sababu moja ni hela, wala simcheki mtu. Vikoba vingi vinavunjwa Desemba, mishahara inasubiriwa, na kitambaa kinanunuliwa siku hela inapoingia. Mtu anatoka Kariakoo, amesukumwa Mtaa wa Kongo mpaka kandambili imekatika, anafika kwangu na mfuko kichwani, saa mbili usiku, tarehe 20. Huyo nitamwambia nini? Mimi mwenyewe kikoba chetu kilivunjwa tarehe 18.

Ila kipo kisichohitaji hela, nacho ni mtoto mwenyewe. Hapo ndipo hasa nilipotaka kufika. Mnaniletea kitambaa bila mtoto! Yupo aliyenitumia sauti kwa WhatsApp: "Fundi, ana miaka sita, mwembamba kidogo, ila tumbo lipo." Yupo aliyeleta uzi wa katani wenye mafundo matatu, fundo la kwanza bega, la pili kiuno, la tatu akawa amesahau ni la nini. Na yupo baba, mtu mzima na heshima zake, aliyesimama mbele yangu akaweka kiganja juu kidogo ya mkanda wake na kusema, "Ananifika hapa." Ndiyo, nikashona kwa kipimo cha mkanda wa baba. Gauni lilipokuja kuvaliwa lilimfika mtoto kwenye kisigino, mama yake akaniambia nimemvalisha mwanawe joho.

Mtoto hapimwi kwa kusimuliwa. Ukimwekea tepu kifuani anabana pumzi, ukimwekea kiunoni anasukuma tumbo mbele, kwa hiyo namuuliza habari za shule huku nampima, na kipimo nachukua anapojibu. Naangalia bega lipi limeshuka. Wengi wanaobeba begi la shule upande mmoja wana bega moja chini, usipolijua shingo ya gauni itakimbilia upande huo siku nzima. Naangalia anavyokaa. Wa miaka minne kanisani hasimami, anakaa, analala, anapanda benchi, kwa hiyo nampa nafasi nyuma. Haya yote katani yenye mafundo haisemi.

Halafu mnaniambia "shona kubwa, aivae na Pasaka." Sawa, hela haiokotwi. Lakini kubwa si lazima ionekane kubwa. Kwenye gauni la mtoto mimi naficha pindo la inchi tatu kwa ndani, nalishika kwa mishono mirefu ya mkono ambayo ukitaka kuifumua unavuta uzi mmoja tu. Pembeni naacha inchi moja kila upande. Pasaka ikifika unaleta, nashusha, napiga pasi mstari wa zamani kwa kitambaa kibichi na siki kidogo, nao unapungua. Sasa hiyo inchi tatu naikata wapi kama kitenge kimeletwa yadi sita, na sare ni ya baba, mama na watoto wawili? Shati la baba likishatoka, na gauni la mama lenye mkia, kinachobaki kwa mtoto ni vipande vya pembeni. Mwaka jana tausi wa kitenge kimoja walitoka kichwa chini miguu juu kwenye gauni la mtoto. Nilimweleza mama yake mapema, akasema hakuna atakayeona. Kwenye picha ya familia kitu cha kwanza unachoona ni wale tausi.

Nisimulie na yangu, nisije nikaonekana nawasema wengine tu.

Usharika wetu una igizo la watoto wa shule ya Jumapili kila mkesha wa Krismasi. Mwaka jana binti yangu mkubwa alipewa umalaika, yule anayewaambia wachungaji wasiogope. Alihitaji gauni jeupe. Mama fundi, kitambaa ndani, satini mita mbili, nilikinunua Oktoba. Kikakaa. Kila jioni anauliza, "Mama, langu lini?" Nami namjibu, Mhariri, kama ninavyowajibu nyie wote: kesho. Tarehe 24 saa kumi na mbili jioni nikamaliza nguo ya mteja wa mwisho aliyekuwa amesimama mlangoni, nikakata satini bila hata kupiga bandi, ile mishono ya kushikizia kwanza. Umeme ukakatika. Nikahamia kwenye cherehani ya miguu ya marehemu mama yangu, binti akanishikia tochi ya simu, taa ikifuata macho yake kila aliposinzia. Ibada ilikuwa inaanza saa mbili. Mikono niliiweka, marinda niliyaweka, zipu sikuiwahi. Mgongo nikaufunga kwa pini tatu, nikamwambia asigeuke.

Hakugeuka. Alisimama juu ya benchi akasema maneno yake yote, "Msiogope, kwa kuwa mimi ninawaletea habari njema," sauti ikasikika mpaka nyuma, na mikono yote miwili ameificha mgongoni. Malaika wengine wamenyoosha mikono juu, yake imeshika gauni. Mwalimu wao kule pembeni anamwonyesha kwa ishara ainue mikono, naye anatikisa kichwa polepole. Watu walicheka kidogo, wakadhani ana haya. Mimi niliyekaa benchi la tano na mtoto mwingine mapajani nilijua pini ya katikati imeachia.

Tuliporudi nyumbani hakulalamika. Alilala na gauni lake, akiwa amegeukia ukuta, na mgongo uko wazi vile vile. Kesho yake chakula cha sikukuu kilikuwa pilau la jirani yangu, mama ambaye watoto wake niliwashonea Idd wakapokea nguo siku mbili kabla ya mfungo kwisha. Alileta sinia zima, akaona nimelalia mkono mezani, akawapakulia watoto yeye mwenyewe.

Mwaka huu, wiki hii ya kwanza ya Novemba, gauni la binti yangu lipo tayari. Limetundikwa nyuma ya mlango, limefunikwa na khanga lisishike vumbi. Lina zipu.

Kwa hiyo ninachowaomba wazazi ni hiki tu. Mleteni mtoto Novemba hii. Msije na hela, msije na kitambaa, njooni na mtoto. Nampima, naandika kwenye daftari jina lake na vipimo vyote, nawaambia mita ngapi mkanunue, na ngapi kama mnataka sare ya familia bila kupindua tausi. Mkitaka mtanunua nusu nusu kadiri hela inavyokuja. Lesi leo, zipu wiki ijayo. Kufika Desemba hatakuwa amekua kiasi cha kuharibu kipimo, na pindo lipo. Kitambaa kikiingia kabla ya tarehe 15, nguo utaichukua tarehe 22. Kikiingia baada ya hapo nitakwambia ukweli, kwamba siwezi, na ukivuka barabara kwa mwingine sitanuna. Msichana wangu nimeshamfundisha kulisema hilo. Binti yangu naye namfundisha, huyo ndiye mgumu, anasema wateja watakimbia.

Na kwa yule mama aliyeandika. Kwenye kamba yangu kuna gauni jekundu la mtoto, kola ya lesi nyeupe, mikono imejaa kama maandazi. Kwenye daftari liliingia tarehe 22 Desemba, jina limeandikwa Mama Pili tu, na huku kina Mama Pili ni wengi. Nililimaliza tarehe 25 saa tano asubuhi, watu wakiwa wanatoka kanisani. Nikapiga simu, haikupatikana. Nikapiga tena Januari, ikapokewa na mwanamume akasema nimekosea namba. Kama ni lako, hudaiwi. Lina ile inchi tatu ndani. Njoo naye asubuhi, kitindamimba wangu akiwa bado amelala, nilishushe akiwa amelivaa.

Fundi cherehani,
Gongo la Mboto, Dar es Salaam