Kutoka namba za GPS hadi anwani ambayo dereva ataielewa

Mteja akishiriki mahali alipo, mfumo wako hupokea namba mbili: -1.2864, 36.8172. Mtu wa boda anataka barabara, mtaa na geti. Kazi yetu ni kuzigeuza hizo namba, na tunafanya hivyo kwa PostGIS (programu ya kuhifadhi na kuchakata data za ramani) juu ya data ya barabara za OpenStreetMap, ramani huria ya dunia.

Hitilafu nyingi huanzia kwenye namba zenyewe. PostGIS hutaka longitudo itangulie, ilhali ramani za simu huanza na latitudo. Zikipishana, mzigo wa katikati ya jiji la Nairobi unaangukia Bahari ya Mediterania, karibu na Uhispania. Alama ya kutoa ikidondoka, umefika kaunti ya Samburu, kaskazini mwa Kenya. Tazama pia tarakimu baada ya nukta: nne zinatosha kwa takriban mita 11, lakini mbili ni zaidi ya kilomita moja, na hapo tunakupa jina la mtaa tu.

Halafu kuna vipimo. GPS huhesabu kwa digrii, kwa hivyo ukiomba barabara zilizo ndani ya 100 ukidhani ni mita, utaletewa kila barabara ya Kenya. Tunahamishia data kwenye UTM 37 kusini (mfumo wa ramani wenye msimbo EPSG 32737), inayopima kwa mita, kisha tunaitengenezea faharasa ya GiST, inayoharakisha kutafuta vitu vilivyo karibu. Bila faharasa, kila pointi italinganishwa na kila barabara iliyomo.

Kinachofuata ni kutafuta barabara iliyo karibu zaidi, na hapa Nairobi ina mambo yake. Marekani, kipande cha barabara hubeba namba za nyumba za mwanzo na mwisho. ST_LineLocatePoint, amri ya PostGIS inayosema pointi iko sehemu gani ya urefu wa barabara (0 ni mwanzo, 1 ni mwisho), ikirudisha 0.4 kwenye upande wa namba shufwa 2 hadi 100, unakadiria nyumba 42. Mitaa yetu mingi haina namba zinazofuatana hivyo, na kubuni namba ni kumpoteza dereva. Tunatoa barabara, mtaa, alama inayojulikana iliyo karibu, na umbali kwa mita.

Barabara ya karibu inaweza pia kuwa nyuma ya ukuta, geti likiwa upande wa pili. Kwenye Thika Road, kukosea upande ni kwenda mbele kutafuta pa kugeuzia. Ndiyo maana tunakuomba pointi za GPS za pale mizigo ilipopokelewa: tunazihifadhi kama mageti, na oda ijayo ya mteja huyo haihitaji kukisiwa.